Mkebe wa Bibi na Bei Tatu za Sarafu

  Leo nataka kuwasimulia shauri moja nililoitwa kulisikiliza huku kwetu, upande wa Bukoba. Nalisimulia kwa ruhusa ya wenyewe, maana shauri la namna hiyo laweza kuingia katika nyumba yo yote yenye mkebe wa zamani.

Bibi mmoja mjane, aliyejulikana sana kigangoni petu, alifariki. Tulimzika kwa heshima katika kibanja chake. Siku ya kuondoa matanga wanawe wakakusanya vyombo vyake, na chini ya kitanda wakakuta mkebe wa majani ya chai umefungwa kwa kamba ya mgomba. Ndani mlikuwa na sarafu za kila namna, noti zilizoviringwa katika kitambaa, na kitu kimoja kidogo cheupe chenye sura ya Baba Mtakatifu. Hapo ndipo matata yalipoanza.

Mtoto mkubwa alisema viuzwe vyote mara moja, kwa kuwa deni la jeneza lilikuwa halijalipwa. Tena sonara mmoja wa mjini, aliyekuja kuhani, alikuwa ametazama ndani ya mkebe kwa juu juu akasema atautwaa mzima kwa shilingi 60,000. Kitinda mimba, kijana afanyaye kazi mjini, akaruka juu. "Kaka, unataka tuibiwe! Nimesoma katika simu kwamba sarafu moja ya zamani yaweza kununua gari. Na hii yenye Papa ndiyo mali yenyewe!" Dada yao akalia, akasema mama hajapoa kaburini nao wanagombania senti zake. Maneno yakawa makali, na usiku ule watoto wa tumbo moja walilala bila kuagana.

Asubuhi mjukuu wa marehemu, msichana wa darasa la saba, akanijia mbio. "Shikamoo Mwalimu. Shangazi anaomba uje nyumbani, baba na baba mdogo hawasemezani." Nikaitikia marahaba, nikavaa kofia yangu, nikaenda.

Sikuwaambia neno la kuwakemea. Niliomba mkeka, daftari na kalamu. Tukaumimina mkebe juu ya mkeka, nikamwambia yule msichana awe mwandishi wetu. Halafu nikawaambia, "Ndugu zangu, kabla hatujagombania bei, tujue kwanza sarafu ina bei ngapi. Mimi nazijua tatu."

Bei ya kwanza ni ile iliyoandikwa juu yake. Serikali imesema hii ni shilingi tano, basi dukani ni shilingi tano, hata kama ni mpya au imechakaa. Bei hiyo huishi kwa amri, na kwa amri hufa. Bei ya pili ni ya madini. Ikiwa sarafu ni ya fedha au ya dhahabu, sonara ataipima kwa mizani bila kujali maandishi. Bei ya tatu ni ya mkusanyaji, yaani mtu anayetafuta sarafu hiyo ili aiweke pamoja na nyingine. Huyu huuliza mambo mawili: zilitengenezwa ngapi, na hii yako ingali katika hali gani. Mtu asiyejua anauza bei gani kati ya hizo tatu, atapunjwa au atapunja.

Tukaanza na fungu la kwanza, sarafu zenye tundu katikati. Wazee wanazikumbuka: peni ya senti 10 na ndururu ya senti 5, zilizotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki wakati wa Waingereza. Tundu lile liliwafaa watu kuzitunga katika uzi. Kati yake tulikuta peni moja ya mwaka 1936 yenye jina la Mfalme Edward wa 8. Mfalme huyo alitawala miezi isiyotimia kumi na moja, akajiuzulu mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Kwao Uingereza sarafu zenye jina lake hazikuingia sokoni, lakini hizi za kwetu zilikuwa zimekwisha tengenezwa. Hazikuwa na uso wake, kwa sababu ya tundu. Zilikuwa na jina tu. Hivyo mama wa kijijini aliyekwenda kununua chumvi alishika mkononi kitu ambacho watu wa London hawakukipata katika maduka yao.

Kijana aliposikia hayo macho yakamtoka. "Basi hii ndiyo ya gari!" Nikamwambia, "Pole, mwanangu. Hizo zilitengenezwa kwa mamilioni, na nyingi ziko mpaka leo. Kitu kuwa na habari ya ajabu si sawa na kuwa adimu." Nikamwonyesha pia herufi ndogo zinazopatikana katika sarafu za namna ile. Penye H, ni kiwanda cha Heaton katika mji wa Birmingham. Penye KN, ni kiwanda cha King's Norton, huko huko. Msichana akaandika yote daftarini.

Akauliza, "Mwalimu, kwa nini sarafu zetu zitengenezwe ng'ambo? Sisi hatuna kiwanda?" Swali zuri. Nchi nyingine zina kiwanda chao cha taifa cha kupiga sarafu. Cha Uingereza kilikuwa London kwa mamia ya miaka, na tangu mwaka 1968 kiwanda kipya kipo Llantrisant, katika nchi ya Wales. Mabamba ya madini hukatwa vipande vya duara, kisha kila kipande huwekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, na mashine huibana kwa nguvu nyingi mpaka picha zitokee pande zote mbili kwa mara moja. Sarafu za wakusanyaji hutengenezwa kwa uangalifu zaidi. Mihuri husuguliwa ing'are kama kioo, na kila kipande hubanwa zaidi ya mara moja ili picha ikae wazi. Tanzania huagiza sarafu zake kutoka viwanda vya nje kwa amri ya Benki Kuu.

Lakini zamani, kwa muda mfupi sana, sarafu zilipigwa hapa hapa nchini. Ilikuwa mwaka 1916, wakati wa vita vikuu vya kwanza. Wadachi walikuwa wamefungiwa bahari na meli za Waingereza, hawakuweza kupata fedha kutoka kwao. Basi wakatumia karakana ya reli karibu na Tabora. Kwa shaba nyekundu na ya manjano wakapiga sarafu za heleri 20 na za heleri 5, na kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke wakapiga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo mbele ya milima, mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Za dhahabu zilikuwa zaidi kidogo ya 16,000 tu. Mwezi wa Septemba mwaka ule Wabelgiji wakauteka mji wa Tabora. Sasa mnajua kwa nini wakusanyaji huzitafuta, na kwa nini waongo huzighushi. Akija mgeni usiku na "dhahabu ya tembo" iliyofungwa kwenye gazeti, mwambieni aende nayo salama. Kutoshikwa na sumaku si ushahidi wa kutosha. Kweli dhahabu haishikwi na sumaku, lakini hata shaba haishikwi. Heleri zenyewe zilikwisha kufa, ila jina lake halikufa: mpaka leo tunasema "sina hela".

Fungu la pili lilikuwa shilingi 14 zenye simba. Hizi ndizo alizozitaka sonara. Alipiga hesabu kwamba zote ni za fedha, kila moja shilingi 4,000, jumla 56,000, na mkebe mwingine wote akauthamini shilingi 4,000 tu. Nikawaambia waangalie mwaka. Shilingi ya simba ya mwaka 1946 na ya nyuma yake ina fedha ndani yake, nayo ni robo tu. Robo tatu ni madini mengine. Kuanzia zile za mwaka 1948 fedha iliondolewa kabisa, ukawekwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kwa macho ya juu juu zafanana. Msichana akazisoma moja moja: tisa zilikuwa za zamani, tano zilikuwa za baadaye.

Mtoto mkubwa akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sonara mwenyewe hakuuliza mwaka." Kila mtu alimwelewa. Nikanyamaza, maana shauri lilikuwa lao. Dada yake ndiye aliyejibu. "Kaka, mama alitulea kwa kuuza ndizi katika soko lile. Je, aliwahi kuficha ndizi mbovu chini ya mkungu?" Kaka akainama, akachora chora ardhini kwa kijiti. "Hakuwahi," akasema. Likaisha hapo.

Fungu la tatu ndilo sarafu za ukumbusho hasa. Tulikuta shilingi 5 moja ya mwaka 1971, ile isiyo duara kamili bali yenye pande. Ilitolewa kukumbuka miaka 10 ya Uhuru, katika mpango wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa wa kuhimiza watu walime chakula. Sarafu ya ukumbusho ni hiyo: ni fedha, na papo hapo ni kitabu kidogo. Inasema, "Siku fulani lilitokea jambo fulani, msilisahau."

Sarafu za ukumbusho ziko jamaa mbili. Jamaa ya kwanza huingia sokoni na kutumika kama nyingine. Ndiyo hiyo shilingi 5 ya mwaka 1971. Ndiyo shilingi 40 ya Kenya ya mwaka 2003, yenye sura ya Rais Kibaki, iliyotolewa nchi ile ilipotimiza miaka 40 ya uhuru. Ndiyo shilingi 1,000 ya Uganda ya mwaka 2012, ya miaka 50 ya uhuru wao. Hata noti huwa na ukumbusho: Kenya ilitoa noti ya shilingi 200 mwaka ule ule wa 2003, na Uganda ilitoa noti ya shilingi 10,000 mwaka 2007 kwa mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola uliofanyika Kampala. Jamaa hii ndiyo ya maskini. Mtoto aweza kuipata katika chenji ya chumvi, asitoe hata senti moja ya ziada.

Jamaa ya pili hutengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji, kwa fedha na dhahabu, na huuzwa juu ya bei iliyoandikwa. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa tatu za kuhimiza ulinzi wa wanyama: shilingi 25 ya fedha yenye twiga, shilingi 50 ya fedha yenye kifaru, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Mwaka 2011, nchi ilipotimiza miaka 50 ya Uhuru, ikatolewa sarafu ya fedha iliyoandikwa shilingi 50,000. Tazameni sasa bei tatu zinavyotengana. Ile ya duma ina uzito wa gramu 33 na zaidi, na katika sehemu kumi za uzito huo tisa ni dhahabu tupu. Maandishi yake yanasema shilingi 1,500, ambazo leo hazitoshi kilo moja ya sukari. Mtu akiipeleka dukani kununua sukari ni mjinga. Lakini naye auzaye ng'ombe wa maziwa ili anunue sarafu mpya ya ukumbusho, kwa kuwa ameambiwa itapanda bei, nampa pole mapema. Bei ya mkusanyaji hupanda na kushuka, na siku mtoto ana homa mkusanyaji yuko mbali. Mwenye akiba ya kutosha anunue moja kwa ajili ya kumbukumbu. Ada ya shule iende shuleni.

Fungu la nne lilituumiza. Tulifungua kile kitambaa, tukakuta noti tisa za shilingi 10,000, zile za toleo la mwaka 2003 zenye picha ya tembo. Jumla yake shilingi 90,000, yaani zaidi ya bei ya sonara ya mkebe mzima. Mtoto mkubwa akashangilia kwamba deni limepata mlipaji. Ikanibidi nimwambie kweli. Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za zamani, kuanzia zile za mwaka 1985 mpaka hizo za 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zibadilishwe benki tangu tarehe 6 Januari mpaka tarehe 5 Aprili 2025. Baada ya siku ile si fedha tena. Bei ya kwanza ilikwisha kufa, bei ya pili karatasi haina, na bei ya tatu ni ndogo, kwa kuwa noti za namna hiyo zilikuwa nyingi mno.

Pakawa kimya. Miezi ile yote bibi alikuwa kitandani. Tangazo lilisomwa redioni, wanawe walilisikia, wakabadilisha za kwao. Binti akasema polepole, "Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza mama kama ana cho chote alichoweka." Ndugu zangu, msiwaonee wazee wenu haya wala msiwadhanie ni maskini. Litokeapo tangazo la namna hii, mwende mkae nao karibu, mwaulize kwa upole: "Mama, una noti za zamani tukakubadilishie?" Tena ahesabu mwenyewe, na mmrudishie hesabu kamili mbele ya shahidi. Jambo hili halikutokea kwetu tu. Kenya nayo mwaka 2019 ilifuta noti za zamani za shilingi 1,000, na siku ya mwisho ilikuwa 30 Septemba.

Kikabaki kile kitu kidogo cheupe chenye sura ya Papa. Kijana akakishika. "Hii sasa, Mwalimu. Nimesoma Uganda ilitoa sarafu za fedha na dhahabu alipokuja Papa." Alisoma sawa. Papa Paulo wa 6, aliyewatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, alikuja Uganda mwenyewe tarehe 31 Julai 1969, na tarehe 2 Agosti akasali Namugongo, mahali walipochomwa moto wengi wao. Alikuwa Papa wa kwanza kuja katika nchi zetu hizi za Afrika akiwa katika kiti chake. Uganda ikatoa sarafu za ukumbusho za mwaka 1969: za fedha zilikuwa sita, za shilingi 2, 5, 10, 20, 25 na 30, za dhahabu zilikuwa nne, za shilingi 50, 100, 500 na 1,000.

Nikamwambia, "Soma ya kwako imeandikwa nchi gani na shilingi ngapi." Akaigeuza, akaigeuza tena. Haikuwa na jina la nchi. Haikuwa na shilingi wala senti. Juu yake palikuwa na kijitundu cha kupitishia uzi. "Basi hiyo si sarafu," nikasema, "hiyo ni medali ya mahujaji. Sarafu kwa kawaida hutaja nchi iliyoitoa na thamani yake. Na hiyo si ya fedha pia. Ni ya madini mepesi." Kijana akaitupa mkekani kama mtu aliyeungua. "Kumbe haina bei hata moja!"

Dada yake akaiokota, akaifuta kwa khanga. Akasema, "Wewe hujui kwa sababu ulikuwa wa mwisho. Mama alikuwa ameolewa mwaka ule. Walitembea kwa miguu na akina mama wenzake mpaka Mutukula, huko wakapata lori. Hakumwona Papa vizuri, watu walikuwa wengi mno, aliona mkono mweupe tu ukibariki. Ndipo akanunua hii. Aliivaa kila alipojifungua. Na siku ya kukuzaa wewe, mkunga alipokata tamaa, ndiyo aliyoishika. Alama ya meno yake ndiyo hii hapa pembeni."

Yule kijana akaipokea tena. Akaitazama ile alama kwa muda mrefu, akaweka ukucha wake juu yake. Hakusema neno tena juu ya gari.

Alasiri sonara akaja na mizani yake. Mtoto mkubwa mwenyewe ndiye aliyemwambia kwamba shilingi tano kati ya zile 14 hazina fedha. Sonara akastaajabu, akashukuru, akasema angezijua baadaye motoni, na hasara ingekuwa yake. Wasomaji wapenzi, hakuwa mwizi mtu yule. Alikuwa ananunua bei ya pili, yaani madini, na bei hiyo alitaka kuilipa. Wenye kosa wangekuwa wao, kama wangemwuzia kumbukumbu za mama yao kwa kilo. Wakatoa shilingi tatu za fedha, moja kwa kila mtoto wa marehemu, wakamwuzia sita kwa shilingi 24,000. Deni lililobaki wakalichangia wote watatu, na kijana wa mjini ndiye aliyetoa fungu kubwa. Medali alipewa yeye, na dada yake ndiye aliyetaka iwe hivyo. Vilivyobaki vikarudi mkebeni, na mtunzaji akawekwa yule msichana.

Kabla sijaondoka niliwapa mashauri machache, nanyi nawapeni.

La kwanza, msisugue sarafu ya zamani. Nasema kwa majuto. Nilipokuwa mtoto nilipewa rupia ya fedha ya wakati wa Wadachi, yenye sura ya Kaisari wao mwenye kofia ya chuma. Nikaisugua kwa majivu na limau mpaka ikang'aa kama sufuria mpya. Miaka mingi baadaye mkusanyaji mmoja aliitazama, akatikisa kichwa. Nilikuwa nimefuta nywele, ndevu na bei ya tatu kwa mkono wangu mwenyewe. Vumbi lioshwe kwa maji tu, sarafu ikaushwe kwa kitambaa laini bila kusugua, na ishikwe ukingoni.

La pili, sarafu ikae mahali pakavu, kila moja katika karatasi yake, isigongane na nyingine. Mifuko laini ya plastiki haifai, kwa maana mingine hutoa majimaji yanayoifanya sarafu kuwa ya kijani. Noti isikunjwe wala isibandikwe kwa gundi. Ilazwe ndani ya bahasha katikati ya kitabu, mbali na jua, moshi na mchwa.

La tatu, msiamini mwaka peke yake. Ile reale kubwa ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa, iliyotumika sana pwani yetu na Uarabuni, imeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo. Lakini imepigwa tena na tena baada ya hapo, na kiwanda cha Vienna kinaipiga mpaka siku hizi kwa mwaka ule ule.

La nne, mkitaka kuuza, waulizeni wanunuzi zaidi ya mmoja, na kila mmoja mwulize ananunua bei ipi.

La tano ndilo kubwa. Andikeni. Sarafu bila habari yake ni kipande cha madini. Andikeni ilikuwa ya nani, aliipata wapi, kwa kazi gani, katika mwaka upi. Na mwandike wazee wakiwa wangali hai, maana mkebe haujui kusema.

Watoto wanaotaka kuanza leo hawahitaji fedha nyingi. Watafute kwanza sarafu nne za kwanza za Tanzania, za mwaka 1966: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50, yaani thumuni, yenye sungura, na shilingi yenye mwenge, zote zikiwa na kichwa cha Mwalimu Nyerere upande wa pili. Wamwulize babu: ndururu hii ilinunua nini? Jibu la babu ndilo waliandike.

Jumapili iliyofuata niliwaona wale ndugu watatu wamekaa benchi moja kanisani. Baada ya Misa msichana alinionyesha daftari lake. Ukurasa wa kwanza haukuwa wa peni ya Edward wala wa shilingi ya simba. Alikuwa ameandika: "Noti 9 za shilingi 10,000. Za Bibi. Hatukumwuliza."

Haya, wapenzi. Jioni ya leo waulizeni wazee wenu wameweka nini, na waliwekea nini. Tukijaliwa uzima tutaonana juma lijalo. Kwaherini.